Kuandaa Timu ya Taifa ya Vijana Ukiwa Kanda ya Ziwa: Mwongozo kwa Mwalimu na Meneja wa Timu

Mwalimu anayekabidhiwa timu ya taifa ya vijana hana muda. Klabu au shule hukaa na mchezaji karibu mwaka mzima, ilhali yeye hukaa naye siku kumi au wiki mbili, kisha humrudisha darasani na huenda asimwone tena mpaka likizo inayofuata. Kwa sababu hiyo kazi yake ya kwanza ni kuchagua, na kufundisha hufuata baadaye. Akikosea kuchagua, hakuna zoezi la siku kumi litakalomwokoa. Maelezo yanayofuata yanamlenga mtu anayeifanya kazi hiyo akiwa Mwanza, akitafuta wachezaji kuanzia Ukerewe na Sengerema hadi Kwimba, Musoma, Geita na Bukoba, iwe ni kwa ajili ya timu za soka za chini ya miaka 17, yaani Serengeti Boys ya wavulana na Serengeti Girls ya wasichana, au Ngorongoro Heroes, ya chini ya miaka 20.

Anza na kalenda ya shule

Kabla hujamwita mchezaji hata mmoja, linganisha kalenda ya shule na kalenda ya mashindano. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na ile ya kidato cha pili na cha nne huangukia kati ya Oktoba na Novemba. Kambi itakayopangwa katika majuma hayo itakuletea wachezaji ambao mawazo yao yapo kwingine, na itakugombanisha na wakuu wa shule ambao utawahitaji tena mwakani. Nafasi nzuri ni likizo za Juni na Desemba. Mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari nayo yanakupa nafasi ya kutazama watoto wengi wakicheza kwa nia ya kushinda, bila wewe kugharamia mchujo wako mwenyewe.

Mchujo wa siku moja, ule unaotangazwa redioni na kukusanya mamia ya vijana uwanjani, ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Kijana aliyesafiri usiku kutoka Nansio au Bunda, akanywa chai tupu na kupewa dakika kumi na tano upande asiouzoea, hawezi kuonyesha alicho nacho. Ni afadhali umfuate alipo. Jijini hapa kuna mechi za ndondo na za mchangani kila mwisho wa wiki, kuna vituo vya kulea vipaji kama Alliance, na Malya, wilayani Kwimba, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo ambacho wahitimu wake wametawanyika katika shule nyingi. Watu hao ndio macho yako. Mpe kila mmoja fomu fupi yenye maswali yaleyale, umwombe akutajie wachezaji watatu tu, na umwambie wazi kwamba utakwenda kuwatazama mwenyewe. Mtu akijua kwamba neno lake litakaguliwa, hataji mpwa wake.

Umri: hapa usione haya

Hakuna jambo linaloharibu timu za vijana kama vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri, na Tanzania imelionja jambo hili kwa pande zote mbili. Mwaka 2005 timu yetu ya chini ya miaka 17 ilifuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia, kisha ikaondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Kwa fainali za Gabon za mwaka 2017 mambo yaligeuka. Congo Brazzaville ilikuwa imetutoa kwa faida ya bao la ugenini, lakini ikaenguliwa baada ya mchezaji wake kutofika kwenye kipimo cha MRI, nasi tukapanda ndege kwenda Libreville.

Kipimo chenyewe ni vyema ukakielewa, kwa kuwa wazazi na viongozi watakuuliza. Mashine ya MRI hupiga picha ya kifundo cha mkono na kuonyesha kama sehemu ambapo mfupa hukulia imeshaungana au bado. Matokeo hupangwa katika madaraja sita, na la sita maana yake mfupa umeungana kabisa, hali ambayo huwapata wavulana wachache sana kabla hawajatimiza miaka 17. FIFA ilianza kukitumia kipimo hiki katika Kombe la Dunia la vijana hao lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Hakimwambii mtu tarehe yake ya kuzaliwa, na hakimhukumu kwamba ni mwongo. Kinaonyesha tu kwamba mfupa wake umepita hatua ile. Ni kipimo cha gharama, kwa hiyo kiwe mlango wa mwisho, baada ya karatasi na maswali kufanya kazi yake.

Kwa upande wa karatasi, usiishie kutazama tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Tazama pia cheti kilitolewa lini. Cheti kilichopatikana wiki chache kabla ya mchujo hakithibitishi mengi, hata kama ni halali kabisa, kwa maana familia nyingi za vijijini na visiwani huchelewa kusajili watoto. Kilinganishe na kadi ya kliniki, na cheti cha ubatizo kama kipo, na namba ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi shuleni, na rejista ya mwaka alioanza darasa la kwanza. Nyaraka hizi ziliandikwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, bila kuwaza mpira, na ndiyo maana ni vigumu zote kudanganya kwa pamoja. Usisahau kuuliza kama kijana amewahi kusajiliwa kwenye mashindano mengine, na kwa tarehe ipi: katika fainali za 2019 zilizofanyika hapa nchini, Guinea ilicheza hadi fainali na baadaye ikaadhibiwa kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wamesajiliwa kwa tarehe nyingine katika mashindano ya Japani.

Kisha nenda nyumbani. Usimwulize mama mwaka aliojifungua, kwa sababu jibu hilo limeshaandaliwa. Uliza kwa matukio. Eneo la Ukerewe, kwa mfano, hakuna asiyeikumbuka Septemba 2018.

“Mama, pole kwa kukurudisha kwenye siku ngumu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama pale Ukara, huyu kijana alikuwa darasa la ngapi?”

“Mwalimu, huyu alikuwa bado hajaanza la kwanza. Dada yake ndiye alikuwa la tatu.”

Jibu kama hilo, likitolewa bila kusitasita na mbele ya jirani, lina uzito kuliko mhuri. Kama mama atakwambia kijana alikuwa la sita, na cheti kinasema amezaliwa 2010, umeshapata jawabu lako. Funga daftari kwa adabu, maliza chai, na usimwaibishe mtoto. Mara nyingi yeye siye aliyeanzisha uongo huo.

Watakaokusukuma umchukue hawakosekani. Watasema nchi fulani inafanya hivyohivyo. Jibu lako liwe la kiufundi: kijeba anayewazidi nguvu watoto wa miaka 15 hajifunzi lolote, atakapofika timu ya wakubwa faida hiyo haitakuwepo, na wakati huo yule mtoto halisi aliyeachwa nyumbani atakuwa ameshaacha mpira.

Kumtambua anayefaa

Hata vijana wote wakiwa halali, bado kuna mtego. Kwa fainali za dunia za chini ya miaka 17 za mwaka 2025 sharti lilikuwa kuzaliwa tarehe 1 Januari 2008 au baada ya hapo. Maana yake aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba mwaka huohuo waliwekwa kapu moja, ingawa mmoja alimzidi mwenzake karibu mwaka mzima wa kukua. Duniani kote timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo. Ukimaliza kuandika orodha yako ya kwanza, weka mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina na uitazame upya. Ikiwa sehemu kubwa wamezaliwa kati ya Januari na Aprili, hukuchagua vipaji, umechagua miezi.

Jambo linalofanana na hilo ni kubalehe. Wavulana wawili wa tarehe moja wanaweza kupishana sana katika ukuaji, na aliyewahi ataonekana mchezaji mkubwa kwa sababu anakimbia zaidi na kuruka zaidi. Pima urefu wao wakiwa wamesimama na wakiwa wameketi, uandike, urudie kila kambi. Anayerefuka kwa kasi huonekana kama amesahau kucheza, miguu haimtii, na magoti au visigino humuuma. Huyo hahitaji kuachwa, anahitaji kupunguziwa mbio na kusubiriwa. Mimi hushauri kila orodha ya mwisho iwe na nafasi chache za vijana wadogo wa umbo wenye akili ya mpira, na wapewe walau kambi mbili kabla ya kuamuliwa.

Wachezeshe wanne kwa wanne kwenye uwanja mdogo, ukibadilisha timu kila baada ya dakika chache. Katika mechi ya kumi na moja kwa kumi na moja winga anaweza kuugusa mpira mara chache mno, lakini wanne kwa wanne hapana pa kujificha. Tazama kichwa cha mchezaji kabla mpira haujamfikia: je, amegeuka kuangalia nyuma yake? Tazama mguso wa kwanza anapobanwa, tazama anachofanya sekunde tatu baada ya kupoteza mpira, na tazama anavyomtazama mwenzake aliyekosea. Ukitaka kuujua uelewa wake, msimamishe pembeni umwulize, “Kabla hujapiga ile pasi, uliona nini?” Anayejibu “Nilimwona beki ametoka, mwalimu, nikajua nyuma yake pako wazi” ana kitu cha kujengea, hata kama pasi yenyewe ilipotea. Makipa wapimwe kivyao, na mtu aliyewahi kudaka.

Kijana kutoka visiwani anaweza kukaa siku mbili za kwanza bila kusema neno zaidi ya shikamoo. Usidhani hana uongozi. Mweke chumba kimoja na mwenyeji mchangamfu, usubiri siku ya tatu.

Afya ya mchezaji wa kandokando ya ziwa

Hapa mwalimu wa kanda hii ana jambo la kuwafundisha wenzake. Kichocho kimeenea kandokando ya Ziwa Viktoria, na mtoto aliyekulia akichota maji, akiogelea au kuvua na baba yake huenda ameishi nacho miaka mingi bila kulalamika. Kinapunguza damu, kinadumaza ukuaji, na kinamfanya kijana achoke dakika ya 60 huku benchi la ufundi likiandika kwamba hana pumzi au ni mvivu. Kabla hujamhukumu mtu kwa kipimo cha mbio, hakikisha amepimwa choo, mkojo, malaria na wingi wa damu. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni ya vidonge na hupangwa kwa uzito wa mwili. Itolewe na daktari, na ikiwezekana mapema kabla ya kambi. Kwa sababu hiyohiyo ile desturi ya kuwapeleka wachezaji ziwani baada ya mazoezi ili miguu ipoe naipinga moja kwa moja. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji ya kina kifupi yenye majani, yaani palepale vijana wanaposimama. Maji ya bomba kwenye pipa yanatosha.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo iko juu katika mikoa ya ziwa. Kijana aliyerithi chembechembe zake kwa mzazi mmoja tu, bila ugonjwa wenyewe, anaruhusiwa kucheza, lakini daktari na mwalimu wa viungo wanapaswa kujua, ili mazoezi makali yaongezwe polepole, maji yasikosekane, na mtu asilazimishwe kumalizia mbio akiwa amelalamika maumivu. Mbio za adhabu zifutwe kabisa. Hazimfundishi yeyote, na kwa kijana kama huyo zinaweza kuua.

Chakula hakina siri kubwa. Ugali, wali, viazi vitamu, sato, maharage, mboga za majani na matunda vinatosha, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yake wana madini ya chokaa ambayo mwili unaokua unayahitaji. Mlo mzito wa siku ya mechi uliwe saa tatu au nne kabla ya mchezo. Usingizi ndio unaosahaulika: kijana wa umri huu anahitaji saa nane hadi kumi, na simu ndiyo mwizi wake mkubwa, kwa hiyo zikusanywe usiku na zirudishwe asubuhi, pamoja na za wasaidizi wako, la sivyo sheria haitaheshimiwa.

Siku kumi za kambi

Chagua kanuni tatu za mchezo, usizidishe. Mimi ningechagua hizi: namna tunavyoanza kutoka nyuma, tunachofanya mara tu tunapoupoteza mpira, na namna tunavyolinda eneo la hatari mpira unapotoka pembeni. Ya pili ndiyo ningeipa muda mrefu zaidi. Katika fainali za 2019 zilizochezwa Dar es Salaam vijana wetu waliifunga Nigeria mabao manne na bado wakalala 5–4, wakafungwa na Uganda 3–0, kisha na Angola 4–2. Mabao 6 katika mechi tatu za fainali za Afrika si haba. Kuruhusu mabao 12 ndiko kulikowatoa, na timu inayofungwa hivyo haihitaji washambuliaji zaidi.

Zoezi linalofaa kwa kanuni hiyo ni rahisi kulipanga. Weka uwanja wa mita 40 kwa 30 wenye magoli mawili madogo kila upande, wachezaji saba kwa saba. Timu ikipoteza mpira ina sekunde tano za kuurudisha. Msaidizi anahesabu kwa sauti. Ikiurudisha ndani ya muda huo na kufunga, bao linahesabiwa mawili. Sekunde tano zikipita, wote lazima warudi nyuma ya mstari wa kati kabla ya kukaba tena, na atakayechelewa anaipa timu pinzani faulo. Siku ya kwanza watakimbilia mpira wote saba kama kuku walioona mahindi. Simamisha mchezo mara moja tu, uwaonyeshe kwamba wa karibu ndiye anayebana, wawili wanafunga njia za pasi, na waliobaki wanajikusanya katikati. Kisha waache wacheze. Vipindi vinne vya dakika nne, kwa mapumziko ya dakika mbili, vinatosha.

Kila mazoezi yaanze na mpango wa kupasha mwili moto wa FIFA 11+, ambao unachukua kama dakika 20 na umethibitika kupunguza majeraha kwa vijana unapofanywa kwa ukamilifu. Usiufupishe kwa sababu jua linazama. Siku mbili za mwisho kabla ya safari zipunguzwe uzito, zibaki za mipira ya kona, faulo na penalti. Penalti zipigwe mwishoni mwa mazoezi, watu wamechoka, kila mmoja akitembea peke yake kutoka mstari wa kati, kwa kuwa katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mechi za mtoano zikiisha sare huenda moja kwa moja kwenye penalti. Mambo madogo ya namna hiyo huamua. Kule Gabon 2017 vijana wetu walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2–1, wakapoteza 1–0 kwa Niger, wakalingana pointi nne na Niger hiyohiyo, na matokeo ya mechi ile ya mwisho ndiyo yaliyowanyima nusu fainali na tiketi ya Kombe la Dunia.

Kuhusu viwanja, tumia nyasi bandia za Nyamagana na nyasi za kawaida za CCM Kirumba, zote mbili kama utapata ruhusa. Mtoto wa mchangani anahitaji siku kadhaa kuzoea mpira unaoteleza kwa kasi juu ya nyasi bandia, na njumu zenye meno marefu humuumiza magoti pale. Kumbuka pia kwamba Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani. Timu ikitoka hapa kwenda kucheza Dar es Salaam mwezi Februari, mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto lile lenye unyevu, kwa hiyo safari ya kufika siku moja kabla ya mechi ni kujitafutia mikazo ya misuli.

Kazi za meneja

Meneja mzuri huonekana kwa kutosikika. Pasipoti za watoto huchelewa kwa sababu ya sahihi ya mzazi mmoja aliye mbali, kwa hiyo aanze nazo siku orodha ya awali inapotoka. Awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi inayoruhusu matibabu, nakala zote za nyaraka za umri katika mafaili mawili yanayokaa sehemu tofauti, na daftari la posho ambalo kila mchezaji anasaini mwenyewe, kiasi kilekile kwa nyota na kwa kipa wa tatu. Wakala yeyote anayetaka kuzungumza na mtoto aelekezwe kwa mzazi, nje ya kambi.

Usalama wa watoto usiachiwe nia njema. Mtu mzima asikae peke yake na mchezaji chumbani, daktari awe na shahidi anapompima, na timu ya wasichana isisafiri bila matroni mwenye mamlaka ya kweli, asiyetumwa kufua jezi. Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, baada ya kuifunga Ufaransa 2–1 na kutoka sare na Canada, wazazi wengi waliokuwa wakisita walianza kuuliza habari za mpira kwa mabinti zao. Uaminifu huo hupotea kwa tukio moja.

Siku ya mechi mwalimu aseme machache. Mchezaji aliyegongwa kichwa atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa, hata kama ni nahodha na ni dakika ya 85. Atakayebaki benchi mashindano yote ajue sababu kutoka kinywani mwako kabla hajaisoma kwenye simu ya mjomba wake.

Baada ya kambi

Walioachwa waambiwe ana kwa ana, mmoja mmoja, kwa mambo mawili wanayopaswa kuyafanyia kazi, na nauli ya kurudi iwe tayari mkononi. Kila mchezaji, aliyebaki na aliyeachwa, aandikiwe ukurasa mmoja: urefu na uzito, dakika alizocheza, majeraha, matokeo ya vipimo vya afya yakiwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa ajili ya mzazi, na zoezi moja la kuendelea nalo. Nakala moja ya ukurasa huo iende kwa mwalimu wa shule au klabu yake, ya pili TFF, shirikisho la soka la nchi. Ya tatu iwekwe kwenye faili la timu, maana baada ya miaka mitatu mwalimu wa Ngorongoro Heroes atataka kujua kama huyu beki mrefu aliyeletewa leo ndiye yule mdogo wa Sengerema aliyekuwa akilalamika visigino, na huenda wakati huo wewe umeshahamia kazi nyingine.